Uzito wa Upande Wetu

Jumanne jioni, Murusagamba

Hesabu imekubali hatimaye, lakini sina raha nayo.

Mwalimu wa fizikia alitupa swali la boriti iliyolazwa juu ya maegemeo mawili, na mzigo unaosogea juu yake. Mzigo ukiwa karibu na mwisho mmoja, egemeo la hapo hubeba karibu uzito wote. Nilikuwa nakosea kwa kusahau uzito wa boriti yenyewe.

Leo mchana lori la mahindi ya wakimbizi likafika kwenye daraja letu la magogo. Upande wetu, mvua imekula udongo chini ya magogo. Nikamwambia Baba, "Lori likianza kupanda, hapa ndipo patakapobeba karibu uzito wote. Lipunguzwe mzigo."

Dereva akakasirika. "Kambini watoto hawajala, wewe unaniletea hesabu?"

Baba aliniamini. Alivua shati, akajitwika gunia la kwanza akavuka nalo kwa miguu, na majirani wakamfuata mpaka lori likabaki tupu. Likavuka. Hata hivyo gogo moja la upande wetu lilipasuka, na mlio wake bado nausikia.

Kesho linakuja jingine. Baba amesema ataingia mtoni, asimamishe nguzo chini ya gogo hilo, aishikilie lori likipita. Lakini gogo lililopasuka linabeba kiasi gani? Hilo hatujafundishwa.

Nimemsihi aiweke nguzo, kisha atoke.

"Umeshapiga hesabu, mwanangu," akasema. "Sasa niogope nini?"