Mkufunzi Niliyemfundisha Kusoma

Mjukuu wangu Neema,

Pokea salamu zetu kutoka Tunduma. Bibi yako hajambo, na shangazi yako amekwisha kuvuna mahindi kule Ndalambo.

Umeniuliza kama ujiunge na kozi ya mwaka mmoja inayowaandaa wahitimu wa fani nyingine kufundisha hisabati, ilhali mkufunzi wake alikuwa nyuma yako shuleni, nawe unaona aibu.

Mimi nilikuwa na shahada ya historia nilipopelekwa kwenye kozi kama hiyo, kwa kuwa shule yetu ilikosa mwalimu wa hisabati. Mkufunzi alikuwa Atupele, niliyemfundisha kusoma darasa la kwanza. Nilipoingia, alisimama.

"Shikamoo, mwalimu."

Nami sikukaa, kwa sababu mwalimu wangu alikuwa amesimama. Darasa likacheka.

Baadaye nilikokotoa hesabu ubaoni, nikakosea. Atupele aliliona kosa, lakini akasema kwa upole, "Vizuri, mwalimu. Karibu ukae."

Mwenzangu mmoja akaninong'oneza, "Mzee, wewe utafaulu kwa shikamoo tu!"

Sikucheka. Nilirudi mbele, nikampa Atupele chaki.

"Binti yangu, usiponisahihisha hapa, nitakwenda kuwafundisha watoto kosa hilihili."

Alipiga goti kidogo, kama aombaye radhi. Kisha akasimama wima, akachora alama kubwa ya kosa juu ya hesabu yangu.

"Rudia," akasema.

Hapo ndipo kozi yangu ilipoanza.

Jiandikishe, Neema. Mkufunzi wako akikuonea haya, mwombe akukosoe.

Babu yako