Paa la Ukumbi wa Kanisa

Jumatatu, 4 Agosti

Vyuma vya kulehemu viwili, wasichana tisa. Kila mmoja anataka awe wa kwanza. Atieno ameungua kidole tena. Amekinyonya, ameendelea na waya wake. Nawapenda kwa hilo.

Likizo imeanza na kanisa hapa mtaani Obunga limetuachia ukumbi wake kwa darasa letu la umeme. Jumamosi wazazi wanakuja kuona tulichotengeneza: paneli ya sola juu ya paa, betri chini, taa za kusomea. Akinyi ndiye mkuu wa paneli. Ana miaka kumi na mitatu, mama yake hukaanga samaki kando ya barabara, na mtoto huyo mdomo haufungi. Leo ameniuliza maswali mpaka kichwa kikaniuma.

Jumatano, 6 Agosti

Nimepanga kila kitu. Nimesahau paa. Mimi, binti wa Kijaluo, nimesahau paa! Kazi ya umeme huko mjini imenizoesha vibaya. Napanda popote na hakuna anayeinua macho.

Akinyi alikuwa ameshakanyaga ngazi. Mzee Okelo, mwenyekiti wa kanisa, akaja mbio, kofia mkononi. Mwanamke hapandi juu ya nyumba! Akipanda, ni kama anamtakia mwenye nyumba kifo, na chira itaingia, ile laana ya kumkondesha mtu mpaka kaburini. Akinyi akashuka. Nimekasirika. Zaidi nimejikasirikia mwenyewe, maana nilinyamaza.

Alhamisi, 7 Agosti

Kikao. Wazee wa kanisa, mimi, na Akinyi ambaye hakuna aliyemwita. Mzee Okelo akaeleza mila kwa kirefu. Akinyi akainua mkono kama yuko darasani.

"Mzee, mwenye hii nyumba ni nani?"

"Ni Mungu, nyathina, mtoto wangu."

"Sasa nikipanda, Mungu atakufa?"

Yaye! Mzee mmoja alicheka mpaka akakohoa. Okelo hakucheka. Ametoa uamuzi: fundi mwanamume ataletwa kutoka Kisian. Msichana yeyote akipanda ngazi, nirudishe ufunguo wa ukumbi. Na bila ukumbi hatuna darasa, hatuna meza, hatuna kitu. Nikasema sawa. Hiyo sawa imenikwama kooni kama mwiba wa samaki ngege.

Ijumaa, 8 Agosti

Fundi amekuja. Kijana mpole, sina neno naye. Akinyi alimwonyesha mchoro wake: upande wa nyuma, hakuna kivuli. Mzee Okelo akasema hapana, ifungwe mbele, wageni waione kutoka barabarani.

Mbele kuna tangi la maji juu ya mnara. Kivuli chake kinalala juu ya paneli karibu siku nzima. Nilimwambia Mzee. Akasema lakini inaonekana vizuri.

Betri haijapata kitu. Akinyi amelia kwa hasira, na mimi nilikuwa karibu kulia.

Jumamosi, 9 Agosti

Wazazi walijaa. Atieno akabonyeza swichi. Giza. Akabonyeza tena. Mzee Okelo akasimama, akatabasamu kwa upole wote. "Tuwapigie makofi. Watoto wamejaribu."

Wamejaribu! Makofi yale ya kuhurumia mtu, afadhali matusi.

Akinyi alitoka nje na spana. Ningeweza kumwita arudi. Nilimfuata, nikashika mguu mmoja wa ngazi. Watu wakamiminika nje. Okelo akapaza sauti, mtoto ashuke, chira haina mchezo. Mama Akinyi akapenya katikati ya watu, akashika mguu wa pili, mikono yake inanuka mafuta ya samaki.

"Huyu ni mtoto wangu, Mzee. Chira ikija, ije kwangu."

 Akinyi alifungua bolti zote, akaburuta paneli hadi upande wa nyuma, akaifunga pale alipotaka tangu mwanzo. Bati lilikuwa moto, alikuwa anatukana. Kanisani! Sikumkanya.

Taa hazikuwaka papo hapo. Betri haina haraka ya mtu. Watu wakakaa, wakala, wakangoja. Jua lilipoanza kushuka Atieno akabonyeza swichi na taa zikawaka. Vigelegele mpaka barabarani.

Mzee Okelo akanyoosha mkono. Nikampa ufunguo. Sikuomba msamaha na sitaomba.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisani benchi langu nililikalia peke yangu. Nikaimba kwa sauti. Wakitaka nihame watanibeba.

Jumatatu, 11 Agosti

Verandani kwangu. Meza ni ile ya kulia, umeme unapita dirishani. Wamekuja sita. Watatu wamezuiliwa nyumbani, Atieno mmoja wao. Inauma.

Akinyi alichelewa sana, na nilikuwa na maneno makali ya kumwambia tayari. Akaingia mikono myeusi kwa lami hadi viwiko. Tangu baba yake afariki paa lao linavuja, na kila mvua mama yake hupanga sufuria kitandani, akingoja apatikane mwanamume wa kuziba. Leo asubuhi hakungoja. Akinyi alipanda, mama yake akashika ngazi.

Nilimpa mafuta ya taa ajisafishe. Kisha tukaendelea na kazi.