Kwa Kaka Bahati, Mwenye Rashasha ya Halali

Kaka yangu Bahati,

Bado najikuta nimeshika simu nikitaka kukupigia. Hutokea asubuhi, kabla sijatoka nyumbani Toongabbie kwenda kazini, kwa sababu saa hiyo huko kwenu ilikuwa jioni na ulikuwa umeshapaki lori, unakula. Kisha nakumbuka. Naiweka simu mezani, navaa viatu, natoka.

Nakuandikia hivi hadharani kwa sababu Wakongo wenzetu hapa Sydney wanaendelea kuniuliza habari zako, na mara nyingi swali ni lile lile: ni kweli kaka yako kule Amerika alikuwa na rashasha ndani ya nyumba? Nawajibu ni kweli. Halafu wananitazama, na mimi sijui nianzie wapi. Acha nianzie kwetu.

Nyumba yetu ilikuwa mlimani juu ya Uvira, nawe ulikuwa unaelekea kuwa kijana, mimi mtoto bado. Baba alikuwa ameshafariki kwa ugonjwa. Wapiganaji walikuja mchana, nguo zikiwa kwenye kamba. Mama alikuwa ameshuka sokoni na hatukumwona tena. Wewe ulinivuta mkono tukaingia shamba la mihogo, ukanilaza kifudifudi, ukaniambia sikioni, "Ikilia, lala. Ikinyamaza, kimbia." Ndiyo maelekezo pekee uliyonipa. Niliyafuata kama mchezo. Ilipolia nililala, ilipokatika nilikimbia, mpaka tukafika bondeni pamoja na watu wengine. Sikumwona hata mtu mmoja mwenye silaha. Nilisikia tu rashasha yao.

Kambini, upande wa Tanzania, ukawa baba na mama. Watu wanakumbuka ulivyopigania mgawo wetu wa chakula, lakini mimi nakumbuka nywele. Ulinisuka vibaya sana, mistari ikaenda kama njia ya mbuzi, na wasichana wakanicheka shuleni. Kesho yake ukaenda kuketi nyuma ya mama mmoja jirani aliyekuwa anasuka binti zake, ukatazama mikono yake asubuhi nzima, wavulana wenzako wakikuzomea. Uliporudi ukaniambia, "Kaa hapa, tujaribu tena." Baada ya hapo hakuna aliyenicheka.

Tukakua. Wewe ukamwoa Riziki, mimi nikaolewa, na faili zetu za wakimbizi zikawa mbili. Ya kwenu ikaenda Amerika, yetu ikaenda Australia. Siku ya kuagana ulinipa sweta lako, ukasema huko ninakokwenda labda kuna baridi. Wote wawili hatukujua lolote.

Miaka ikapita kwa simu na picha. Mlianzia jimbo la kaskazini lenye theluji, ukafanya kazi kwenye bucha kubwa, ukajifunza kuendesha malori, ukapata uraia, ukanunua lori lako. Halafu mkahamia jimbo la kusini, penye joto na ardhi. Ulinionyesha nyumba kwa video, chumba kwa chumba, kuku, mti wa pichi. Nilifurahi sana, kaka. Nilimwita Neema, binti yangu, aje aone kwa mjomba wake.

Neema alikuwa ameketi kando yangu siku nyingine ulipopiga, ukasema una kitu cha kutuonyesha. Ukaenda kwenye kasha la chuma ukutani, ukafungua, ukaiinua rashasha mbele ya kamera. Sikuhitaji mtu anieleze ni nini. Neema akauliza kwa Kiingereza chake kama ni ya kweli, ukamwambia ni ya kweli.

"Ni halali kabisa, Furaha," ukasema. "Kule jimbo la kaskazini tulikotoka hawakuruhusu mtu wa kawaida kuwa nayo. Huku jimbo linaruhusu. Niliomba serikalini, vidole walichukua, picha walichukua, nikangoja karibu mwaka. Makaratasi yote niko nayo."

"Iondoe," nikasema.

"Ni silaha ya zamani tu. Imesajiliwa."

"Bahati, iondoe mbele ya mtoto."

Ukairudisha polepole, ukakaa. Ukaniuliza kama nadhani umekuwa mhalifu. Nikakwambia sijasema hivyo. Tulikuwa tumepanga kuja kuwatembelea likizo hiyo, na nikakwambia sitalala kwenye nyumba yenye kitu kile, sheria iseme isemavyo. Ukajibu kwamba mtu aliyetunza sheria zote hawezi kuaibishwa na mdogo wake. Tukaagana vizuri kwa maneno, lakini hatukupigiana tena kwa muda mrefu. Riziki ndiye aliyekuwa ananitumia habari.

Katika muda huo nilikuwa namhudumia mzee mmoja kwenye makao ya wazee karibu na Parramatta. Alikuwa mkulima huko jimbo la Queensland, na alihamishiwa Sydney awe jirani na binti yake. Kila nilipomnyoa alinisimulia bunduki zake. Moja, inayojijaza risasi yenyewe, ilikuwa ya baba yake, akaisalimisha zamani sheria ya nchi nzima ilipobadilika, serikali ikamlipa, ikaiponda. Ile iliyobaki, ya kuwindia nguruwe mwitu, haikuweza kuja naye hivi hivi, kwa sababu laiseni ya jimbo lake haikutosha huku, na isitoshe makao hayaruhusu. Akaiuza. Mimi nikamwambia, kwa adabu, kwamba nadhani sheria ilifanya vizuri. Nilitegemea akubali au akasirike. Akasema, "Labda. Lakini hakuna aliyeniuliza ilikuwa na maana gani kwangu." Kisha akaniomba nisikate sana pembeni, na tukaendelea.

Maneno yake sikuyapenda, kwa sababu bado nafikiri nchi hii ilichagua sawa. Lakini jioni ile nilikupigia. Ulipokea mara moja. Nikakuuliza, "Kaka, ya nini ile kitu?"

Ukasema, "Njoo, nitakwambia. Kwa simu sitaweza."

Nikaja peke yangu. Riziki alikuwa ametandika kitanda changu chumba cha mbali kabisa na lile kasha. Nilimpenda kwa hilo tu. Siku ya pili baada ya chakula cha mchana ukaniita. Ukafungua kasha, ukaiweka rashasha kwenye taulo mezani, ukaitenganisha kipande kimoja kimoja. Mikono yako ilikuwa imetulia kuliko yangu. Ukasema, "Siku ile tulilala kifudifudi. Sikuiona. Maisha yangu yote nimeogopa kitu nisichowahi kukiona. Mlango wa lori ukifungwa kwa nguvu naruka, mbele ya madereva wenzangu. Nikasema nitainunua, niijue ni chuma gani, niifungie ndani ya kasha langu, na ufunguo uwe mfukoni mwangu mimi."

"Na ukiipiga, unasikiaje?" nikauliza.

Ukaangalia taulo. "Sijawahi kuipiga."

"Hata mara moja?"

"Nimeipeleka kwenye uwanja wa shabaha, nimerudi nayo. Mara nyingi. Ile siku nilipowaonyesha kwa video, nilikuwa nimetoka huko. Nilishindwa kuitoa hata kwenye begi."

Riziki alikuwa jikoni. Akasema bila kugeuka, "Hilo mimi nilikuwa najua."

Ukaniomba twende pamoja. Sikutaka, lakini sikuwahi kukuona ukiniomba kitu tangu tuzaliwe, kwa hiyo nikaingia kwenye gari. Uwanja wenyewe ulikuwa sehemu ya heshima, naweza kusema. Kijana mpole alikagua makaratasi yako, akatupa vifunika masikio, akanifundisha mahali pa kusimama. Palikuwa na baba mmoja mstaarabu na mwanawe mtu mzima kwenye meza ya mbali, na wao walikuwa na yao. Wewe ulikuwa bado unafungua zipu ya begi.

Yule baba akafyatua, mfululizo.

Sijui ni nini kilichotokea katikati. Ninachojua ni kwamba shavu langu lilikuwa kwenye saruji, na nilipofumbua macho nikaona uso wako, kaka, kwenye saruji ile ile, chini ya meza, ndevu zako za mvi zikiwa na vumbi. Tulikuwa tumelala kifudifudi wote wawili, watu wazima, wenye rehani na watoto. Ikanyamaza. Tukatazamana. Naapa niliona miguu yako ikijikusanya ili ukimbie, na yangu pia. Halafu wewe ukaanza kucheka. Nikacheka na mimi, mpaka machozi yakanitoka, na yule kijana mpole amesimama juu yetu hajui aite gari la wagonjwa au vipi. Mwenye silaha alikuja akavua kofia akatuomba radhi, ingawa hakukosea lolote. Ukamwambia, "Hapana, mzee, ni mambo ya nyumbani."

Hatukupiga. Tulirudi na begi lako, tukala wali na sombe ya majani ya mihogo aliyopika Riziki, na ulikula sana. Sikukwambia uiuze, nawe hukusema utaiuza. Ikarudi kwenye kasha.

Mwaka uliofuata ulikuja Sydney. Siku ya kwanza ulitembea nami kutoka stesheni ya Toongabbie mpaka nyumbani, ukiangalia kila uzio.

"Huyu jirani wako ana nini?"

"Ana mbwa mzee na boti isiyotoka uani."

"Silaha je?"

"Sidhani. Wenye mashamba wanazo za kuwindia, kwa laiseni, zimefungiwa. Rashasha kama yako, raia wa kawaida haruhusiwi."

Ukatembea kidogo. "Na mimi nikihamia huku na makaratasi yangu yote?"

"Makaratasi ya kule hayafanyi kazi huku."

"Basi siwezi kuhamia."

"Wewe unaweza," nikasema. "Rashasha ndiyo isiyoweza."

Ulilicheka jibu hilo wiki nzima, ukawasimulia watu kanisani kwetu Minto, ukamsimulia dereva wa basi. Nilikupeleka Parramatta tukapanda feri, ukanunua kofia mbaya. Mchana ulikuwa unalala kwenye kochi, na siku moja nilirudi kazini mapema nikakuta mlango wa mbele uko wazi kabisa, nawe umelala chali, mdomo wazi, unakoroma. Riziki alikuwa ameniambia kwamba kwenu hujawahi kulala mchana bila kukagua kufuli. Sikukuamsha. Nilimzuia hata Neema asikuamshe. Tuliketi jikoni tukila mkate bila kusogeza kiti.

Moyo wako ulisimama miezi michache baada ya kurudi, barabarani, lori likiwa limeegeshwa vizuri pembeni, taa za tahadhari zikiwaka. Polisi walisema uliegesha mwenyewe. Niliamini, nikikufahamu.

Baada ya mazishi, Riziki alilazimika kuamua kuhusu rashasha. Sheria ya kwenu inataka ikabidhiwe mrithi kwa utaratibu, au iuzwe kwa mwenye ruhusa, au isalimishwe. Watoto wenu hawakuitaka. Akanipigia: "Wifi, wewe ndiye damu yake. Unaitaka?" Nilimwambia hata ningeitaka, Sydney isingenipokea nayo. Akaniuliza afanye nini. Wanunuzi walikuwa wameshaanza kupiga simu, kwa sababu zile za zamani zimebaki chache na watu wanazitafuta. Sikutaka kumwamulia. Nilimwambia nyumba ni yake, usingizi ni wake, achague linalompa vyote viwili.

Alifikiri kwa majuma. Kisha akaipeleka isalimishwe, na makaratasi yako yote. Afisa alipoyasoma akamwuliza kama anaelewa kwamba watu wangempa pesa nyingi kwa kitu hicho. Riziki akamjibu anaelewa. Afisa akamwambia itakatwa kwa moto wa gesi, si lazima asubiri, ataletewa uthibitisho nyumbani. Riziki akasema atasubiri. Akaketi kwenye kiti cha plastiki, mkoba magotini, mpaka wakamaliza.

Nikamwuliza alijisikiaje. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio. Akasema, "Nilisikia njaa, wifi. Tangu Bahati afe sijawahi kusikia njaa. Nikatoka pale nikatafuta mgahawa, nikaagiza samaki mzima, nikala peke yangu."

Sijui kama wewe ungependa ilivyokwisha. Ulikuwa na haki ya kuwa nayo, na mimi sitaacha kuwaambia wanaoniuliza hivyo: hukuvunja sheria yoyote, hukumtishia mtu, hukuifyatua hata mara moja. Wakiendelea kuuliza ya nini basi, nawasimulia ile saruji. Wengine wanacheka. Mama mmoja wa kwetu hakucheka; alinishika mkono, akaketi nami mpaka watu wote wakaondoka.

Pumzika, kaka. Riziki anakula siku hizi.

Mdogo wako,
Furaha