Jumamosi Uliyosubiri Kompyuta ya Chiriku Iwake

Kwetu, nyumba ya mlango wa kijani,
Tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Marahaba! Najua shikamoo imekutoka ulipouona tu mwandiko wangu wa kuku aliyekanyaga wino, basi nami naitikia mapema. U hali gani huko? Kifua kimetulia? Mgongo je, bado wanakubebesha mizigo ghalani kama vile Mungu alikuumba na magurudumu? Sisi huku wazima wa mwili. Mama anatembea na mkongojo wake na kutugombeza sote, ishara kwamba moyo wake unafanya kazi kuliko wangu. Shemeji yako hajambo. Mimi kaka yako bado ndiye mwanamume mzuri kuliko wote mtaani, ingawa siku hizi hakuna wa kushuhudia, maana sitoki nje.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Kwa simu ningekutania, tungecheka, ningekata bila kusema. Unanijua. Karatasi haicheki.

Ile Jumamosi uliyokaa mbele ya kompyuta yako ukimsubiri binti yako, nilikutumia ujumbe kwamba umeme umekatika. Umeme haukukatika, mdogo wangu. Ulikuwepo tele. Kilichokatika ni kingine, na mkataji ni mimi.

Unakumbuka kwa nini tulimwita Chiriku: mdomo haukutulia hata ukiwa na tonge ndani. Tangu ulipoondoka ukatuachia tumlee, jina limebaki halina mwenyewe. Wewe na yeye kwenye simu mnaongea kama watu waliokutana kwenye foleni ya benki: shikamoo baba, marahaba, umekula, nimekula, haya. Kwa hiyo aliponiambia amepata dawa, kwamba mkicheza tena ule mchezo wa magari mliokuwa mkicheza kwenye kiti kimoja, wewe umeshika mafuta na yeye usukani, maneno yatarudi yenyewe, mimi nilisimama nikajipiga kifua. Nikamwambia, "Mwanangu, hiyo kompyuta itaundwa na mikono hii hii."

Pesa uliyotuma ilikuwa kama blanketi la gesti: ukifunika kichwa, miguu nje. Lakini mtoto wako ana akili, sijui kaitoa wapi katika ukoo huu kama si kwangu. Prosesa na mazabodi, ule ubao mkuu unaobeba vifaa vyote, alivipata kwenye kompyuta kuukuu za ofisi ya wahasibu waliokuwa wakihama. Ramu aliinunua mkono wa pili, akaijaribu mbele ya mwenyewe kabla ya kutoa hata senti. Iliyomtoa jasho ni kadi ya picha, ile inayofanya gari lionekane gari na si kipande cha sabuni. Hiyo ilimpita kimo. Akauza simu yake. Ndiyo maana ukipiga humpati. Akaniambia, "Ya nini simu, Baba Mkubwa? Nitaongea na baba humo humo kwenye mchezo."

Kikabaki kitu kimoja kikubwa: pawa saplai, kile kisanduku cha chuma kinachogawia vifaa vingine umeme. Alitaka mpya, ya dukani, yenye risiti. Akanipa pesa nikainunue, yeye akaenda kazini kwake kuwachapia watu barua za kuomba kazi. Mlangoni aligeuka: "Tafadhali, hii usiibanie. Kasha la kuwekea vifaa hata likiwa la bati lililobonyea, sawa. Hii usiibanie."

Nikamwambia nilikuwa nafufua redio baba yake bado anajikojolea. Samahani, lakini si ni kweli?

Sasa nikueleze jinsi sisi mafundi redio tunavyonunua. Kwetu uzito ndio ukweli. Transfoma nzito ina shaba ya kutosha. Nyepesi ni ya tapeli. Fundi aliyenifunza alikuwa akiniambia nifumbe macho, ananitia kitu mkononi, nami nataja: kizima, kibovu. Shule iliniacha darasa la sita, au mimi niliiacha, tuliachana kwa maelewano, lakini mkono wangu nilijua ni mizani. Nikaenda dukani, nikaishika ile mpya: nyepesi kama mkate wa jana. Nikapita kwa yule muuza vifaa vya zamani wanayemwita Bei Poa, nikaishika ya kwake: nzito kama mtoto aliyenuna. Na bei nusu!

"Usijaribu kunidanganya," nikamwambia. "Nimekuwa utingo, nimevuka mipaka na malori kabla wewe hujajua kuvuka barabara."

Bei Poa akainamisha kichwa. "Mzee, mkono wako unajua. Mimi sina la kuongeza."

Chenji nikanunulia kasha la kioo lenye taa za kubadilika rangi. Sikulinunua kwa ajili yangu. Nilitaka akiliona acheke. Na alicheka, mdogo wangu, kicheko kile kile cha zamani, hadi Mama akatoka chumbani kuuliza kuna nini. Kisha akauliza, "Na pawa saplai?" Nikamjibu nimeipima kwa mita, namba zote zimekaa sawa. Hilo halikuwa uongo. Ila niliipima ikiwa haijabeba kitu. Hata mimi ukinipima nimekaa, ni bondia.

Jumamosi tukala haraka. Mama tukamsogezea kiti mbele kama mgeni rasmi. Chiriku akajifunga visikizio vya kuazima, akakaa, na nikaona amekaa upande mmoja wa kiti, nusu nyingine ameiacha wazi. Nadhani hata mwenyewe hakujua. Nikabonyeza. Taa zikawaka nyekundu, bluu, zambarau, Mama akapiga makofi. Picha ikaja. Jina lako likatokea kwenye skrini kwamba upo, unangoja.

"Baba yupo!" akasema. "Baba Mkubwa, ona, yupo!"

Magari yalipoanza kutokea, kadi ya picha ikadai umeme wake wote. Ikasikika pa! moja tu. Moshi, na ile harufu ninayoijua kuliko manukato ya shemeji yako. Kadi ikafa. Mazabodi ikafa. Jina lako likazimika.

Nilikifungua kile kisanduku mbele yao. Ndani mlikuwa na ubao mdogo kama wa redio ya mfukoni, na pembeni donge la saruji lililobandikwa kwa gundi. Saruji, mdogo wangu. Mizani yangu ilinunua saruji. Nilimrudia Bei Poa nikiwa na hasira za kubomoa ukuta. Akaniuliza polepole, "Si uliipima kwa mkono wako mwenyewe, mzee?" Nikageuka nikaondoka.

Chiriku hakulia. Hakunilaumu. Angenitukana ningepona. Alinipa pole! Mimi ndiye niliyepewa pole. Akafagia, akaenda kulala jua bado liko juu. Sasa anakwenda kazini, anarudi, anaamkia, anakula, basi. Shemeji yako ananisukuma: "Wewe bingwa wa maneno, ongea naye." Nakwenda hadi mlangoni kwake, nasimama, narudi. Nimezunguka dunia nikichekesha watu ambao hata lugha yao siijui, na huyu mmoja sina la kumwambia. Kadi nimeibandua na kuilehemu hadi macho yananiuma. Haiamki. Shemeji yako amelichukua lile donge kuegemezea mlango wa jikoni. Katika kompyuta nzima, ndicho kifaa pekee kilichopata kazi.

Usitume pesa. Najua hali yako, na pesa iliyopita ilinitosha kuwaharibia nyote.

Mama anakusalimu, anasema ule, na usivae soksi mbichi. Shemeji yako anakusalimu sana. Yule mshonaji jirani anasema suruali yako bado anayo, sasa anaivaa yeye. Mungu akukinge na mizigo mizito na watu wepesi.

Chiriku nilimuuliza nimwandikie salamu gani. Alimaliza kwanza kuosha sahani yake. Kisha akasema, "Mwambie baba auze ya kwake. Asiwe anakaa anangoja."

Nimefikisha kama nilivyotumwa. Sasa sikiliza na la kwangu: usiiuze. Ungeniuliza zamani ningekuahidi itakuwa mwezi fulani, tarehe fulani. Leo siahidi kitu, sijui hata pa kuanzia. Lakini yule mtoto, mdogo wangu, hata akila mezani siku hizi, bado anakaa nusu kiti.

Wako akupendaye, mwenye mkono usiojua kitu,
Kaka yako