Wavu au Mabati

Jumamosi, 14 Machi 2009

Wavu wa chuma, si mabati. Nimeamua, na bado ninacheka peke yangu.

Nilikuwa nimepima bustani mara mbili na kuandika: mabati marefu pande zote, nisionwe na mtu. Ua wetu wa miti uliteketezwa wakati wa fujo za uchaguzi, na tangu turudi kutoka kambini kila kishindo hunishtua.

Asubuhi fundi wa kuchomelea alipofika, jirani yangu Mama Chebet alitoka kwake akasimama katikati ya mboga zangu.

"Mama Akinyi, ukiweka mabati, mboga zako za managu nitakuibia nikipitia wapi?"

"Kumbe ni wewe?"

"Ulidhani ni kuku?"

Fundi alicheka mpaka akaangusha futi yake ya kupimia. Basi nikabadilisha: wavu, tuonane, na mlango mdogo upande wa Mama Chebet.

Fundi akauliza komeo likae upande gani. Nilitaka likae kwangu, lakini niliona haya kulisema hilo mbele ya Mama Chebet. Nikajifanya ninang'oa magugu.

"Weka kwake," Mama Chebet akamwambia. "Mimi nitabisha."