Taa ya Simu na Mkono wa Mama Neema

Tukuyu

Mama, shikamoo. Lile goti sasa linakunjika? Huko Singida mnaomba mvua. Huku leo ni siku ya kumi na moja haijakatika, na mvua hiyo ndiyo iliyoning'oa meno mawili. Tulia, nikueleze.

Mwenye nyumba wangu, mwalimu mstaafu, bado ana simu za mezani, moja sebuleni na moja chumbani, waya mmoja. Nilimtengenezea taa ndogo nyekundu kwa vipuri vya redio mbovu, akae nayo chumbani ajue simu ya sebuleni ikinyanyuliwa. Simu zikitulia, waya una volti arobaini na nane. Mtu akinyanyua, zinashuka hadi tisa. Zikishuka chini ya ishirini tu, taa inawaka. Nikajisifu: "Mwalimu, hii haidanganyi."

Neno hilo nalijutia.

Alhamisi mwalimu yuko chumbani, taa ikawaka. Akatoka na mpini wa jembe. Mkewe, Mama Neema, alikuwa sebuleni anakunja nguo.

"Unaongea na nani?"

"Sijagusa simu, Baba Neema!"

Pigo la kwanza mgongoni. La pili, mkono ukalia kama kuni kavu. Nilipomshika mwalimu, akanipiga kwa simu yenyewe mdomoni. Nguo zote alizokunja Mama Neema zikalowa damu.

Kesho yake nikapima waya: volti kumi na tatu, simu zote zimelala. Nikaufuata hadi migombani. Pale nilipouunga mwenyewe, nikafunga kwa kipande cha nailoni na kamba ya mgomba kama wafungavyo huku kila kitu, palikuwa pamejaa maji.

Jumapili wakaja wazee wa kanisa, hukumu wanayo tayari: Mama Neema atubu.

"Nitubu nini? Sikuigusa."

"Taa ilisema!" mwalimu akafoka.

Nikaweka mzee mmoja kwenye kila simu, ashuhudie haijanyanyuliwa. Nikakausha kiungo, taa ikazima. Nikakimwagia kikombe cha maji, ikawaka.

"Gwe! Wewe fundi, rudia," mzee mmoja akasema. Nikarudia mara tatu. Mwalimu akanirukia kooni. Wazee wanne ndio waliombandua.

Mama Neema, mkono kwenye plasta, akasema polepole: "Kikombe cha maji mmekiuliza mara tatu, mmekiamini. Mimi nimesema mara ngapi?"

Mara tisa, Mama. Nilizihesabu. Zote nilizisikia, na bado nilikwenda kwanza kutafuta mita ya kupimia waya.

Msalimie mjomba, mchimba visima, na dada kwenye cherehani yake. Naye shemeji, mumewe, asiyeamini neno la dada, msomee barua hii kwa sauti.

Mimi mwanao mwenye mapengo,
Elia