Unanga, Bila Herufi ya Mwisho

Unalaska,
14 Agosti.

Mpendwa dada Lukeria,

Pokea salamu zetu, zimepenya ukungu hadi kwako. Mgongo unaendeleaje? Na huko Anchorage bado mnakula samaki wa dukani? Sisi wazima. Magoti yangu tu ndiyo yananung'unika kwenye ngazi, na tumbo siku hizi linanitangulia mlangoni.

Samoni wamepanda mto vizuri mwaka huu. Fungu lako limeshakauka, ukichelewa, usiniulize.

Sasa lenyewe. Kikundi cha ngoma cha binti yangu Vasilisa kinakuja huko Oktoba, na Mama, mama yako mkubwa, ndiye wa kuongoza ule wimbo wa kisiwa chao cha Atka, maana hakuna mwingine aliyebaki anayeujua wote. Vasilisa hakutaka bango liandikwe "Aleut". Alisema jina hilo tulibandikwa na Warusi, Kiingereza kikalirithi na kumpaka kila mtu, hata mumeo wa Kodiak, ambaye lugha yake Mama haielewi hata salamu. Nikaona kweli. Nikashona "Unangan", jina letu wenyewe, kwa vitambaa vyekundu, vidole vikatoboka kama chujio.

Mama akalitazama, akasema haendi.

Nilidhani ameshalizoea Aleut. Kumbe mimi, mtoto wa mwanamke wa Atka, nimesahau kwamba kwao husema Unangas! Unangan ni ya huku, kwa baba.

"Zakhar, umeniandika ukoo wa wakwe zangu," akaniambia. "Afadhali hilo Aleut. Limetukosea wote sawasawa."

Tulimbembeleza, wapi. Vasilisa akalia, maana bila bibi yake hakuna wimbo. Nikapendekeza mabango mawili. Nikaulizwa la pili atashona nani.

Jumapili, tulipotoka kanisani, nikamkuta Mama na bango mapajani, mkasi mkononi. Kumbe alikuwa anaifumua ile N ya mwisho, taratibu, asichane kitambaa. Limebaki "Unanga", na nafasi tupu mbele yake.

"Hapo kila mtu atamalizia kwa mdomo wake," akasema.

Basi anakuja. Mtandikie kile kitanda kisichopiga kelele, na ujiandae: mama yako mkubwa atakuuliza wewe unamalizia na nini. Mumeo anaruhusiwa kukaa kimya.

Nisalimie Feodor na mkewe, na Anfisa mdogo umbusu shavu lile lenye kishimo. Mungu awafunike kwa rehema zake, awalinde na baridi inayokuja.

Wako akupendaye, fundi cherehani aliyeshindwa,
Zakhar